Mguno Usiofika

1

Tunu aliulizwa mara tatu, kama mila inavyotaka, na mara zote tatu sisi bibi zake tulimsikia amenyamaza.

Nilikaa naye mkekani, upande wa kulia. Kushoto kwake alikaa Bi Mwanamvua, na mlangoni Bi Arafa, asipite mtu. Tunu ni mjukuu wa marehemu dada yangu. Tulikuwa tumemfunika kanga mpya, bado ina wanga wa dukani na harufu yake, na vidole vya miguu vilichungulia kwa chini vimepakwa hina. Barazani wanaume walisubiri na sinia la tende. Posa ilitoka kwa watu wa Kilosa. Kijana alikuwa fundi wa magari ya umeme, mpole, hana neno.

Kwetu mwali hafungui kinywa mbele ya bibi zake katika jambo hili. Akikubali, hunyamaza. Akikataa, huguna ndani ya kanga, "mh-mh," midomo imefungwa, na mguno huo mmoja unatosha kulirudisha sinia. Mimi mwenyewe, Mgeni binti Salehe, nilimgunia mwanamume wa kwanza niliyeletewa, akaenda zake na hakuna aliyenilaumu.

"Tunu, mjukuu wangu," nikamwambia, "umewasikia waliokuja. Unawataka?"

Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikarudia ya tatu, na hapo niliona kanga inatikisika kidogo, nikadhani ni haya. Nikainuka, nikajinyoosha kiuno, nikatoka barazani kusema mwali ameridhia. Vigelegele vikapigwa, tende zikaliwa hadi kokwa.

Siku ya nne Tunu alinikuta uani ninachambua maharage. Hakukaa.

"Bibi, mimi nilijua wengine watanipuuza. Sikudhani na wewe."

"Nimekupuuza nini?"

"Niliguna. Mara tatu. Ya tatu niliguna mpaka shingo ikauma. Mkanitazama wote watatu kama mnatazama ukuta, halafu ukaenda kuwaambia watu nimekubali."

Nikaweka ungo chini. "Guna sasa."

Alisimama mbele yangu, juani, hatua moja. Nikaona koo linacheza na pua inatanuka. Nilisikia jogoo wa jirani. Nilisikia harage moja likidondoka kutoka kwenye ungo. Kule barabarani nilisikia lile basi lisilo na dereva likijitangazia vituo, Nyandira, Langali, Mgeta. Mguno sikuusikia.

"Umeshaguna?"

"Nimeshaguna, Bibi."

"Rudia." Nikamwekea kiganja kooni. Kiganja kilitetemeka. Masikioni hamkuwa na kitu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa bibi wote watatu tuliokaa chumbani siku ile tunavaa punje za kusikilizia nyuma ya sikio.

Nilifunga safari ya Kilosa siku hiyohiyo. Mshenga wao alikuwa mzee mcheshi, alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia akajikuna kichwa. "Bibi, nimeposea watu miaka arobaini," akasema. "Posa zimerudishwa kwa ulevi, kwa uchawi, kwa ukoo. Hii ya betri ndiyo ya kwanza."

"Si betri," nikamwambia. "Ingekuwa betri nisingekusikia hata wewe."

Akakubali kurudisha posa. Kutoka Kilosa sikwenda nyumbani. Nilipanda basi la Morogoro, kwa mjukuu wangu Sikudhani, maana punje ile ni yeye aliyeitengeneza.

2

Mahali anapofanya kazi pana jina refu la kiserikali, lakini mjini kila mtu anapaita Nyumba ya Masikio. Nilimkuta Sikudhani ameinamia meza, kalamu ameichomeka kwenye nywele, chai imepoa pembeni imefanya utando.

"Mke mwenza," akasema bila kuinua kichwa, ananijua kwa hatua. "Umekuja kunigombania mume?"

"Babu yako yuko kaburini mwaka wa tisa huu. Kama unamtaka, jembe liko nyuma ya nyumba."

Akacheka, akanikumbatia, na uso wangu ukamwambia kuwa sikuja kwa utani.

Sikudhani ni mtoto wa binti yangu wa pili. Tangu akiwa na miaka ishirini kazi yake ni moja tu, kujua ubongo unafanya nini na sauti ikishaingia. Wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima, na alizoea kunivika kofia ya waya nikiwa jikoni, nikisonga ugali, anaandika. Alinieleza zamani nikaelewa. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo kuliko vya mdudu. Sauti ikivigusa, vinatuma cheche kwenye mshipa, mshipa unapeleka ubongoni, na ubongo una kipande chake hapa juu ya sikio kinachozipokea na kuzitenga: hili neno, hili jiko, hii mvua. Vinywele vikifa havioti tena. Vyangu vilikufa kwa homa kali, nikakaa kiziwi miaka kumi na moja. Punje inapandwa nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya ulezi, inatuma cheche yenyewe.

Punje za kwanza watu walizirudisha. Zilileta kila kitu kwa pamoja, hata mtu kutafuna kwake mwenyewe, wakasema afadhali uziwi. Ndipo Sikudhani akabuni chekeche. Ni hesabu iliyomo ndani ya punje, inatupa kelele na kupitisha maneno. Kwa chekeche hilo alipewa medali nchi za mbali. Ameitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari mmoja na mwavuli.

Nilimsimulia habari ya Tunu. Alinikalisha kwenye kiti, akanivika kofia ya waya, vifungo vyake sitini na nne baridi kichwani, akawasha kioo. Akasema, "maji." Kwenye kioo pembe ya ubongo wangu iliwaka rangi ya machungwa. Akasema, "mwavuli." Ikawaka. Kisha akafunga midomo, nikaona koo linacheza.

Kioo kilibaki cheusi.

Akafanya mguno wa ndiyo, akafanya wa hapana, wa kuonya mtoto, wa kutoamini. Nilikuwa naitambua kwa nyusi zake tu. Kwenye kioo hakukuwaka hata nukta. Alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti.

"Nimeutupa mimi," akasema.

"Umetupa nini?"

"Watu walilalamika kutafuna, kumeza, kupumua kwa pua. Nikalifundisha chekeche kwamba sauti yoyote inayotokea puani, mdomo umefungwa, ni kelele ya mwili. Itupwe." Akajipangusa uso. "Na maneno nilichukua kwa watangazaji. Saa elfu kumi za watu wanaosoma habari. Nani anaguna akisoma habari, Bibi? Sikukumbuka kuwa sisi tunaongea na mdomo umefungwa."

Nilitaka kumwambia si neno. Lakini ilikuwa neno. Nilianza kuwahesabu wazee wanaovaa punje, na mangapi yameamuliwa mbele yao mtu akiguna.

3

Lililomtoa Sikudhani jasho si sisi wazee. Baada ya siku tisa Nyumba ya Masikio ilikuwa ianze kupandikiza watoto waliozaliwa viziwi, mia nne na kumi na wawili, wametoka kila mkoa. Mama zao walishafika, wamelazwa kwenye mabweni nyuma ya jengo, kanga zimeanikwa kwenye ua.

Aliniita nisikilize akizungumza na mkuu wake, Profesa Ndelwa. Ni mtu mnene, mwema, anapenda karanga. Alimpa kiti mjukuu wangu, akasikiliza yote, karanga zikabaki kiganjani.

"Sikudhani," akasema, "maneno watayapata?"

"Watayapata."

"Basi tuwape maneno. Miguno watasoma usoni. Chekeche tutalirekebisha taratibu, mwaka mmoja wa majaribio kama sheria inavyotaka, halafu tunawabadilishia."

"Mwaka mmoja ni mwingi. Kile kipande cha ubongo ni kama shamba, Profesa. Sikio lisipolima, macho yanakuja kupanda humo. Akifika miaka mitatu, mitatu na nusu, shamba limeshagawanywa. Asichokisikia sasa, baadaye kitamfikia kama kelele tu."

"Tuahirishe, basi?"

Sikudhani akageukia kwenye mabweni. Sote tulijua anamfikiria nani. Asubuhi ile alikuja ofisini mwanamke wa Ifakara, mama wa mtoto anayeitwa Zamda, akaomba binti yake awe wa kwanza kwa sababu mwezi ujao anatimiza miaka mitatu. Alikuwa amesoma kila karatasi. Mtoto alikaa miguuni kwake anararua bahasha, wala hageukii sauti yoyote duniani.

"Ukiahirisha, watoto wakubwa wote wanapotea," Profesa akasema polepole. "Ukinyamaza, wote wanapata. Na hakuna mzazi atakayejua kuna kitu kimepungua."

"Hilo la kutojua ndilo linaloniuma. Mtoto ataambiwa mh-mh, ataona mama kanyamaza, atadhani karuhusiwa. Akikua atakuwa mtu asiyejua kuwa amekataliwa. Na akikataa yeye, mwenzake mwenye punje hatasikia."

Nikamfikiria Tunu ndani ya kanga.

"Kuna njia ya tatu," Sikudhani akasema. "Punje ya kwanza haikuwa na chekeche, na ilishapewa kibali. Tukilizima chekeche hatuhitaji mwaka. Mtoto atasikia vyote, na ubongo wenyewe utachekecha. Ndiyo kazi yake. Watoto wote wenye masikio wanazaliwa hivyo, kelele tupu, na wanajifunza."

"Unaamini au unajua?"

"Naamini."

"Watu wazima walishindwa. Walilia wakitaka uziwi wao."

"Waliivaa siku mbili, tatu, wakaitoa. Hakuna aliyevumilia kutosha."

Profesa alitikisa kichwa. "Kwa kuamini peke yake sitafungulia watoto mia nne."

"Nifungulieni mimi," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili kama vile kabati limesema.

"Bibi," Profesa akasema kwa adabu, "shikamoo tena. Ubongo wako una miaka sabini na minane."

"Marahaba. Ndiyo vizuri. Mkongwe huu ukiweza, wa mtoto utashindwaje?"

"Na usipoweza?" Sikudhani akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Naweza kulirudisha chekeche, lakini ubongo uliochanganyikiwa sina hakika utarudi ulivyokuwa. Unaweza kukosa hata maneno, Bibi. Ukawa kiziwi tena."

"Nilikuwa kiziwi miaka kumi na moja, njia naijua. Zima hilo chekeche, mke mwenza, siku zinakwenda."

4

Akalizima Jumanne, saa nne asubuhi.

Cha kwanza kilikuwa kanga yangu. Nilipumua, ikasugua bega, nikasikia kama mtu anaburuta gunia la mkaa kwenye simenti. Nikameza mate: ndoo imedondoka kisimani. Nikasema, "Mungu wangu," na sauti yangu ikanipiga fuvu kwa ndani. Wakaniletea chapati. Nilitafuna mara tatu, nikaitema, maana ilikuwa kama kikosi kinapita kwenye kokoto, na kikosi kiko kichwani mwangu.

Jumatano nilitapika. Sikudhani alizungumza nami, nikaona midomo, lakini sauti yake ilikuwa imefukiwa chini ya damu yangu mwenyewe inayopiga shingoni. Maneno yalikuwa yamekwenda. Akaniandikia kwenye karatasi: *Nilirudishe?* Nikaandika: *Kesho.* Alhamisi akaandika tena, herufi zimepinda. Nilikaa na ile karatasi mapajani muda mrefu. Niliogopa, sitasema uongo. Dirishani nilimwona Zamda uani anakimbiza kuku wa mpishi, na mama yake nyuma anaita, anaita, mkono umenyooshwa kwa mtoto asiyegeuka. Nikaandika: *Kesho.*

Kila asubuhi alinivika kofia. Kioo kilikuwa kimewaka chote, machungwa kila pembe, kama moto wa nyika. Alikipiga picha, akakaa anazilinganisha picha, kalamu nywelini, hali chakula.

Ijumaa mchana mpishi alileta uji wa mchele wenye pilipili manga. Nilikunywa bakuli zima, nikalamba kijiko, ndipo nikagundua sijasikia kumeza kwangu. Nikameza kwa makusudi, nikasikia. Nikaacha kusikiliza, ikapotea. Nilijaribu mara nyingi, kama mtoto na swichi. Jumamosi kwenye kioo ule moto ulikuwa umevunjika vipande, na katikati ya vipande kulikuwa na giza safi. Sikudhani aliweka kidole hapo gizani. Maneno yake nilianza kuyapata nusunusu. "Hapa," alisema, "umeacha kupokea pumzi. Hakuna aliyekufundisha."

Jumapili nilioga, nikavaa gauni jipya. Yeye alikuwa nyuma yangu anafungua vifungo vya kofia, mimi natazama mlangoni.

"Nimepona kabisa," nikasema. "Leo naweza kurudi Mgeta kwa miguu."

"Mhh."

"Usinigunie mimi. Nilishapanda ile milima na mama yako tumboni—"

Mikono yake ilisimama kichwani kwangu. Nami nikakomea hapo. Hatukutazamana, alikuwa nyuma, hakukuwa na uso wa kusoma. Alivuta pumzi, akafanya mwingine, mdogo, wa kukataa.

"Hapana nini?" nikamuuliza.

Akafanya wa ndiyo. Nikamwambia ndiyo. Akafanya ule wa kuonya, nikamwambia sijagusa kitu. Akazunguka mbele yangu, machozi yanamfika kidevuni, akapiga magoti akanishika miguu, mwanamke mzima, daktari wa watu, nami nikampiga kofi la mgongo kama ninavyompiga mtoto aliyepaliwa. Kioo nyuma yake kilikuwa kinawaka nukta moja ya machungwa, ndogo, mahali ambapo hapakuwahi kuwaka.

Alikimbia kumwita Profesa pekupeku. Profesa alikuja na karanga zake, akajificha nyuma ya mlango, akaguna mara ishirini, nami nikamjibu ishirini. Mara ya ishirini na moja alinyamaza kunitega. "Profesa," nikamwambia, "tafuna taratibu."

5

Siku tisa zilikuwa zinakwisha kesho yake. Profesa alisema, tumeshinda, tuzime chekeche tuendelee. Sikudhani akasema kwanza wazazi waambiwe.

"Tuwaambie nini? Kwamba tulikosea?"

"Kwamba nilikosea mimi."

Aliwakusanya ukumbini saa tatu asubuhi. Alisimama bila karatasi. Aliwaambia chekeche lililompa sifa limewanyang'anya wazee wao miguno, na kila mwenye punje ataandikiwa barua achague mwenyewe. Akawaambia mtoto akifunguliwa vyote, siku za kwanza atalia na kushika kichwa, na aliyethibitisha ni mtu mmoja tu, bibi yake, yule pale. Wakanigeukia. Nikawapungia.

"Anayetaka chekeche libaki, litabaki," akasema. "Anayetaka kungoja, atangoja. Sitawachagulia."

Mama Zamda alisimama. "Daktari, wewe wako ungempa ipi?"

"Iliyo wazi."

"Na ukikosea tena?"

"Nitasimama hapahapa nikwambie."

Mama Zamda, akiwa bado amesimama, midomo imefungwa, akaguna ule mguno wa ndiyo, mzito, unaotoka tumboni. Nyuma yake mwingine akaguna, na upande wa dirishani mwingine, hadi ukumbi mzima ukawa unanguruma kama mzinga wa nyuki. Katikati yake ilikuwamo miguno ya kukataa, ya kushuku, ya huyu naye. Niliisikia yote, kila mmoja na mwenyewe. Kumi na watatu walichukua watoto wao wakarudi kwao, nami sikuwalaumu. Watoto mia tatu na tisini na tisa walipandikizwa, na wa kwanza mezani alikuwa Zamda.

6

Alilia siku kumi na mbili. Mama yake alikonda. Wengine walilia siku nane, wengine ishirini, kisha mabweni yakatulia moja baada ya jingine, na jikoni mpishi akaanza kulalamika kuwa watoto wanamwiga kukohoa.

Mwezi wa nne walimwita Zamda kwa kipimo cha kwanza cha miguno. Sikudhani hakulala vizuri, alivaa blauzi nje ndani, nikamgeuzia. Mtoto alikalishwa kwenye kigoda, ametazama meza yenye mashine, amempa mama yake mgongo. Kofia ndogo kichwani. Profesa alisimama kwenye kioo. Mimi nilipewa kiti.

Hatukuwa hata tumeanza. Zamda aliona waya mwekundu unaoning'inia mezani, akaunyooshea mkono.

"Mh," mama yake akafanya nyuma, mfupi, wa kuonya.

Mkono ulisimama hewani.

Kwenye kioo nukta ya machungwa iliwaka, ikatanda. Zamda aligeuza shingo taratibu, akamtazama mama yake machoni, akamtazama Sikudhani, akanitazama mimi. Kisha akaugeukia waya, akaushika vizuri kwa vidole vyote vitano, akauvuta. Kioo kikazimika.

"Hajasikia?" Profesa akauliza, uso umemshuka.

"Amesikia, Profesa," Mama Zamda akasema. "Huyo amesikia vizuri sana."

Sikudhani aliketi chini sakafuni, palepale alipokuwa, akicheka hadi kalamu ikamdondoka nywelini, na mama wa mtoto akawa ameshainuka kumwahi Zamda, ambaye alikuwa ameuona waya wa kijani.